Taa ya Nyuma, ya Kushoto

Pijo ya baba, mia nne na nne,
rangi ya maziwa yaliyoingiwa na majivu,
imekaa uani kwetu Katuba
na haijafa. Narudia: haijafa.
Ukiipa petroli inakohoa mara mbili
kama mtu anayeomba kusema kikaoni,
halafu inasema.

Inachokosa ni kioo cha taa,
ya nyuma, ya kushoto.
Kipande chekundu kisichozidi kiganja.

Zamani Mgiriki wa karibu na reli
alivipanga rafuni kama sabuni.
Baba alinunua kimoja kwa bei ya bia nne,
akanywa ya tano njiani.

Leo Mukalay wa Kamalondo hataji bei upesi.
Kwanza anafuta mikono. Anauliza mama hajambo.
Anaifungua simu, anaifunika.
"Mia tatu na themanini."
Faranga?
Akacheka hadi akakalia betri.
"Dola, mwalimu. Na hapo sijataja meli,
sijataja lori, sijamtaja yule wa Kasumbalesa
ambaye kiu yake haiishi."

Nilihesabu nikirudi kwa miguu:
miezi mitatu ya kusahihisha madaftari
kwa kitu ambacho kazi yake ni kuwaambia walio nyuma
kwamba nasimama.

Ipo ya bandia, dola kumi na mbili,
nyekundu ya peremende; jua la Oktoba
huilegeza kama sikio.
Ya kweli ni nyekundu ya ngai-ngai iliyochemka.
Ukiiinua machoni, bomba refu la kiwanda
na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba
vyote vinaingia ndani yake, vinatulia.
Waya wa taa hiyo nao ni wa shaba.
Nao una bei yake, kutoka ng'ambo.
Sikuuliza.

Akaja bwana wa viatu safi,
akaizunguka Pijo akiipiga picha,
akagusa simba wa pua yake kwa kidole kimoja.
Gari zima, alisema, mia sita.
Likifunguliwa vipande, elfu nne:
usukani, saa, simba, taa ya kulia.
Mama alikuwa anachambua sombe.
Hakuinua kichwa.
"Na mtu? Naye hupanda bei akikatwa?"
Bwana alicheka peke yake, akaenda.

Ndipo nikakumbuka kwa Kyembe fundi cherehani.
Miaka ishirini nimepimwa sketi pale,
miaka ishirini pini zake zinalala
ndani ya kisahani chekundu
chenye matundu mawili ya skrubu.

Nilikwenda nikiwa na kitambaa ambacho sikukihitaji.
Kyembe alinisikiliza hadi mwisho.
"Juzi ungekichukua bure," akasema,
"hata na pini.
Jana Mukalay amepita hapa kushonewa suruali."

Tulikaa kimya. Cherehani nayo.
Kisha akasema binti yake anaolewa Jumamosi,
na teksi zote za mji huu ni ndogo kwa lile gauni.

Basi Jumamosi tulishuka hadi kanisani,
gauni limejaa madirishani kama povu,
mimi kwenye usukani, mama pembeni yangu
ameshika kiatu kimoja cha bibi harusi, sijui kwa nini.
Kila makutano nilikanyaga breki
hata pasipokuwa na haja,
nikajua nyuma yangu, kulia na kushoto,
panawaka sawasawa.
Polisi wa barabarani alipiga saluti.
Mama akaipokea kwa niaba ya marehemu.

Jumapili, kabla ya misa ya kwanza,
Kyembe alisimama uani na bisibisi.
Alikuwa na haya kidogo.
Nilimshikia tochi.
Skrubu mbili, akazirudisha mahali pake
ili zisipotee,
akakipangusa kioo kwa shati lake la harusi
na kutoka mfukoni, moja moja,
akaanza kuzirudisha pini.